Mgongo wa Mama Kalondu

Mzee Muthama aliikataa chai ya serikali. Kikombe kiliwekwa mbele yake, mvuke ukipanda, naye akakisukuma kwa ncha ya kidole mpaka kikagusa kofia ya Inspekta Faki upande wa pili wa meza.

"Kunywa wewe," alisema. "Mimi nikikunywa hapa, watu ya kwangu watasikia nimezoea."

Inspekta Faki alicheka. Hakuwa mtu wa kuianza kesi na tumbo tupu, basi akainywa chai yote bila haya, huku macho yake hayambanduki mzee. Faki alizaliwa Majengo, mjini Kitui, kwa baba Mswahili aliyeuza vitambaa na mama Mkamba wa Mwingi hii hii. Polisi wenzake hawakujua wamweke upande gani. Yeye mwenyewe hakuwa na taabu hiyo, kwa kuwa pande zote mbili zilimlea na zote mbili zilimcharaza fimbo alipostahili.

"Mzee, tuseme ukweli," alisema. "Hema la wapima ardhi limechomwa. Mlinzi wao, Musembi, yuko hospitali, mikono imeungua mpaka viwiko, na daktari hataki kuniambia kama atapona. Akifa, wewe utashtakiwa kuua. Unaelewa?"

"Musembi ni mtoto wa dada yangu. Ningechoma mtoto wa dada yangu?"

"Ulimtukana afisa wa ardhi mbele ya umati."

"Nilimtukana. Kutukana na kuchoma ni kitu moja?"

"Na mwenge wa kufukuzia nyuki umepatikana kando ya majivu. Wewe ni mrina asali."

"Hata nusu ya hii lokesheni wanarina asali, afande. Shika wote."

"Siku ile ya soko, mchana hema lilipoungua, ulikuwa wapi?"

"Kwa mizinga yangu, huko weu."

"Na nani?"

"Na nyuki," mzee alijibu, akakunja mikono. "Kawaulize."

Hakuna aliyechukia kukamata watu wakweli kama Faki, na pua yake ilikuwa imekwisha kumwambia kwamba huyu ni mkweli. Lakini pua haipelekwi mahakamani. Kiini cha ugomvi wote kilikuwa huo weu wa Kyamwenze, nyika pana ya malisho na mizinga na visima vya mchangani, ambayo ukoo wa Anzauni uliitumia kwa pamoja tangu kabla ya serikali yoyote kufika na kuuliza ni ya nani. Sasa, mwaka huo wa sabini na saba, ardhi ilikuwa inaandikishwa. Ukoo ulikaa kikao, ukachagua wajumbe, ukamfanya Muthama mwenyekiti, nao wakaomba weu uandikwe kwa jina la ukoo mzima, jambo ambalo sheria mpya ya ardhi za vikundi iliruhusu. Kampuni moja ya ranchi nayo iliutaka weu huo huo, iukodi na kuuzungushia waya. Pingamizi la ukoo dhidi ya kampuni lilikuwa lisikilizwe kesho. Na katikati ya kungojea, mchana kweupe, hema likawaka moto na mwenyekiti akatiwa mbaroni.

Nje ya chumba, koridoni, afisa wa ardhi alikuwa anamngojea. Alikuwa kijana mwenye miwani, msafi, aliyebakiwa na nguo moja baada ya moto, na kwa hasira zake Faki hakuweza kumlaumu.

"Inspekta, kesho mimi nasikiliza pingamizi, mzee awe ametoka au hajatoka," alisema. "Mwenyekiti wao yuko ndani. Wajumbe wake wamejificha, wanaogopa kushikwa. Wasipokuja, pingamizi limekufa."

"Na wakija?"

"Wakija watasema yale yale, kwamba wanaweza kujiendeshea ardhi yao. Kwa sheria gani? Niliwauliza mwezi uliopita. Nikawaambia, nionyesheni sheria yenu hata moja inayoshika mtu bila polisi kumshika mkono. Hawakunijibu, walinichomea hema."

"Ulilala wapi jana?"

"Kwa D.O. Kwa nini?"

"Nilitaka kujua kama umelala," Faki alisema kwa upole. "Maana unaongea kama mtu ambaye hajalala. Nipe mpaka kesho."

*

Konstebo Kivuva ndiye aliyeendesha Landrova. Alikuwa Mkamba wa Matiliku, upande wa Makueni, hodari wa magari na mwingi wa maneno, na alikuwa ameoa Kyamwenze mwaka uliopita. Walipofika sokoni akazima injini, akafungua mlango, na kufumba na kufumbua akapotea. Faki alizunguka gari zima kabla ya kuona buti mbili zimechomoza chini ya gurudumu la nyuma.

"Kuna nini huko chini?"

"Naangalia difu, afande."

"Difu imekuwa na nini?"

Kivuva alishusha sauti. "Yule mama wa kitambaa ya manjano, anauza ugoro pale. Ni mama ya bibi yangu."

"Basi toka umwamkie."

"Afande!" Kivuva alisema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni.

Faki alimwacha hapo hapo na difu yake. Alivuka hadi kwenye duka la Jonah Kisilu, shahidi wa pekee wa kesi hii. Jonah alikuwa shemasi wa kanisa, mtu wa Kathonzweni aliyekuja Kyamwenze kwa sababu ya mke akakaa kwa sababu ya biashara. Alikuwa mnene wa mwili na mwepesi wa tabasamu. Alikuja na soda mwenyewe, akichechemea mguu wa kushoto.

"Pole na mguu," Faki alisema.

"Kreti iliniangukia. Ni kitu kidogo." Jonah alichungulia nje, akacheka. "Huyo askari wako anajificha nani, mama mkwe? Bado vijana wana hiyo mambo? Mimi nilikuwa hivyo, Inspekta, lakini Bwana alinitoa huko. Siku hizi mama mkwe akija hapa nampatia kiti, namsalimia kwa mkono, tunakunywa chai meza moja."

Nthenya, mkewe, alikuwa anapangusa kioo cha kaunta. Mkono wake ulisimama. Alimtazama mumewe, akamtazama mgeni, akaendelea kupangusa mahali pale pale palipokwisha kung'aa. Faki aliliona hilo, akaliweka akiba.

"Hebu niambie tena ulichoona siku ile," alisema.

"Nilikuwa nimesimama hapa mlangoni. Sijatoka dukani siku hiyo yote, soko ilikuwa imejaa. Nikaona moshi huko weu. Halafu nikaona Mzee Muthama anatokea kwa ile njia ya mtoni, anakimbia, na ule mwenge yake mkononi."

"Ule mwenge?"

"Ule wa nyuki. Ulikuwa bado unatoa moshi."

"Uliuona vizuri."

"Kwa macho yangu, Inspekta. Naapa kwa Bibilia."

"Usiape, nimeamini kwamba unaona vizuri," Faki alisema. "Na wewe, bwana shemasi, huu weu ukiandikwa kwa ukoo utapata fungu?"

Tabasamu la Jonah lilipungua kidogo tu. "Mimi si wa ukoo. Mimi ni mkwe. Lakini sina neno."

"Na ukienda kwa ranchi?"

"Ranchi itahitaji duka, Inspekta. Itahitaji mtu wa kusimamia kisima. Hayo ni maendeleo, si dhambi."

"Si dhambi hata kidogo," Faki alikubali, akamaliza soda.

Kule kwenye gari Kivuva alikuwa amekwisha kutoka uvunguni, maana mama wa ugoro alikuwa amehama kivuli. Faki alimwambia kwa furaha, "Umesikia? Shahidi wetu amemwona Muthama akikimbia na mwenge mkononi. Na sisi mwenge tumeuokota kando ya majivu. Mzee aliuacha hapo, au alikimbia nao?"

"Labda alikuwa na mbili."

"Labda. Au labda mpishi ametia chumvi mara mbili, kwa kusahau kwamba ametia. Twende tukaione hiyo njia."

*

Njia ya mtoni ilianzia sokoni ikapita vichaka vya miiba hadi pale hema lilipokuwa, kisha ikaendelea mbele. Waliokuja kuzima moto walipitia barabara ya gari, nao askari wa chifu waliiziba njia hii kwa matawi siku ile ile, na tangu hapo hakuna mguu uliopita. Mvua hakuna, upepo hakuna. Mchanga ulikuwa umetunza kila kitu kama ulivyopewa.

Faki aliinama akaanza kutembea pembeni, Kivuva nyuma yake. Nyayo za mtu mmoja zilitoka upande wa hema kwenda sokoni, nyayo za akala, viatu vile vya tairi la gari. Hatua zilikuwa ndefu na ncha za mbele zimezama.

"Anakimbia," Kivuva alisema.

"Anakimbia, na anatoka motoni. Huyo ndiye wetu, awe nani awe nani."

Walifika mahali njia inapopinda, na hapo mambo yakageuka. Mkimbiaji alikuwa amesimama ghafla, mchanga umerundikana mbele ya akala. Kisha alikuwa ameruka kushoto, nje ya njia, katikati ya kichaka cha kikwata, ile miiba iliyopinda ambayo hata mbuzi huiendea kwa adabu. Ndani ya kichaka alama zilionyesha mtu aliyechuchumaa. Akala la kushoto lilikuwa limekanyaga tawi la miiba likalizamisha ardhini, na majani yake yalikuwa na damu iliyokauka.

Upande wa kulia wa njia kulikuwa na kwato za punda aliyesimama, na nyayo ndogo za mtu peku. Huyo alikuwa anatoka sokoni, uso kwa uso na mkimbiaji. Naye pia alikuwa ameiacha njia.

"Nimeelewa," Kivuva alisema kwa kasi. "Yule jamaa alimwona mama na punda, akajificha amwotee. Ni bahati hakumuua!"

Faki naye, kwa muda mfupi, aliona hivyo hivyo. Mchomaji amekutana na shahidi, na shahidi lazima anyamazishwe. Ilikuwa picha nzuri. Alichuchumaa kuikamilisha, na nyayo zikamkatalia.

"Anayeotea hujificha kabla hajaonekana," alisema polepole. "Huyu amejificha baada ya kuonekana, tena mahali ambapo hata mtoto angemwona. Halafu mtazame huyu mama. Hakukimbia. Punda amesimama mpaka amekojoa. Mama ametoka njiani, ametulia, na vidole vyake vya miguu vinaelekea kule, porini. Amesimama akiipa njia mgongo. Kisha wote wawili wamerudi njiani, kila mmoja ameendelea na safari yake. Hakuna aliyemfukuza mwenzake, wala aliyemgusa."

"Sasa kwa nini watu wawili waache njia nzuri, mmoja aingie kwa miiba?"

Faki alinyanyuka, akapangusa magoti. Furaha ilikuwa imemjaa tele, hakuificha.

"Kivuva, asubuhi ya leo ulipomwona mama wa ugoro, ulifanya nini?"

Konstebo alizitazama nyayo upya, za kushoto na za kulia, na Faki aliona jambo likimwingia pole pole mpaka macho yakamtoka.

"Nthoni," Kivuva alisema.

Nthoni. Ndiyo heshima ya mkwe, na Faki aliijua tangu utotoni, kwa kuwa baba yake mwenyewe, Mswahili wa vitambaa, alilazimika kuijifunza siku aliyoenda kuposa. Mwanamume wa Kikamba na mama wa mkewe hawaonani uso kwa uso. Hawatajani majina. Wakikutana njiani, mwanamume huacha njia na mwanamke hugeuka. Hakuna polisi anayewalazimisha. Hata usipokuwa na mtu wa kukuona, unafanya.

"Hii njia inaenda kwa nani?" aliuliza.

"Ikipita hapo kwa hema, ni nyumba moja tu. Mama Kalondu, mjane. Ana punda." Kivuva alitazama kule sokoni. "Ana binti mmoja tu. Nthenya, wa dukani."

"Ambaye mumewe hakutoka dukani siku nzima."

"Lakini afande, Jonah ameokoka! Aliyakana mambo ya nthoni mbele ya kanisa, nilisikia!"

"Moyo umeokoka," Faki alisema. "Miguu bado."

*

Mama Kalondu alikuwa amekaa mlangoni akichagua ndengu kwenye ungo. Alimkaribisha Faki kwa kigoda, akasikiliza salamu za Kikamba zilizotamkwa vizuri, akajibu moja moja. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, na hakuwa na haraka na mtu.

"Siku ya soko ulipita njiani," Faki alisema.

"Nilipita. Niliona moshi mbele yangu, bado mwembamba."

"Ulikutana na mtu?"

"Sikuona mtu."

Alisema hivyo bila kupepesa, na Faki alijua kuwa ni kweli tupu. Mpelelezi mwingine angemtisha kwa jela. Yeye aliokota punje ya ndengu iliyoanguka, akairudisha kwenye ungo.

"Mwaitu, mama yangu, sikuulizi jina. Jina hilo halijawahi kutoka mdomoni mwako na halitatoka kwa ajili yangu. Nakuuliza jambo lingine. Siku ile, pale kwa kikwata, ulitoka njiani ukasimama umegeuka. Kwa nini?"

Ungo ulitulia. Kuku alikuja akala ndengu na hakufukuzwa.

"Wewe ni mtoto wa nani?" aliuliza mwishowe.

"Wa Mutindi, aliyekuwa hapo Mwingi. Aliolewa Majengo."

"Basi alikufunza kuuliza." Aliuweka ungo chini. "Unajua unaniomba nini? Yeye aliniheshimu. Alikuwa anakimbia, ana haraka ya kufa na kupona, na bado aliingia kwa miiba kwa ajili yangu. Niende nikamlipe na pingu? Na Nthenya wangu atarudi wapi?"

"Sina la kukufariji," Faki alisema, na ilimuuma, kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno. "Ukinyamaza, Muthama atashtakiwa kwa kosa la mwingine, na kesho ukoo hautakuwa na mtu wa kuusemea. Weu utakwenda. Kisima unachoteka kitakuwa ndani ya waya. Ukisema, nyumba ya binti yako itavunjika. Mimi siwezi kukuchagulia."

Kivuva alikohoa, Faki akamkata jicho.

"Musembi ni yeye alichimba kaburi ya mume wangu," mjane alisema. "Mikono imeungua yote miwili?"

"Yote miwili."

"Nitakuja. Lakini kwa ile nyumba yeye ako ndani, sitaingia. Na uso wangu hatauona."

*

Pingamizi lilisikilizwa katika darasa la shule, maana ofisi ya chifu isingetosha. Wazee wa Anzauni walikuwa wamejitokeza hatimaye, baada ya Kivuva kuzunguka usiku kucha kuwahakikishia hakuna atakayeshikwa, na sasa walikuwa wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. D.O., mkuu wa tarafa, aliketi mbele pamoja na afisa wa ardhi. Mwakilishi wa kampuni alikuwa na kiti chake. Jonah Kisilu alikuwa karibu na ubao, kama shahidi wa serikali, amevaa suti na viatu vyeusi vilivyopigwa rangi. Mzee Muthama alikaa pembeni na pingu zake.

"Bwana D.O.," Faki alisema, "kabla ya ardhi, nina jambo la moto. Nina shahidi."

"Mwite aingie."

"Haingii. Yuko dirishani."

Wote waligeuka. Nje ya dirisha, kwenye jua la asubuhi, alisimama mwanamke mwembamba mwenye leso ya buluu. Alikuwa amewageuzia mgongo.

"Hii ni nini?" D.O. alikunja uso. "Mwambie shahidi aelekee huku. Shahidi huonyesha uso."

"Bwana D.O., naomba aachwe hivyo. Mgongo huo ndio ushahidi wenyewe."

Minong'ono ilipita kwenye madawati, kisha ikakatika yenyewe, kwa sababu wazee walikuwa wameacha kumtazama dirishani na sasa wanamtazama Jonah. Shemasi alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Alikuwa ameelekea ubaoni, mabega yameinama, mikono imefunika uso, na dirisha lote liko nyuma yake.

"Bwana Jonah," Faki alisema, "jana uliniambia mnakunywa chai meza moja."

Jonah alizidi kuusogelea ubao, na Faki akaligeukia dirisha.

"Sema, mwaitu."

Sauti ya Mama Kalondu iliingia bila haraka, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Siku ya soko, moshi ilikuwa imeanza, nilikutana na mtu anatoka huko, anakimbia. Sikuona uso yake. Yeye aliingia kwa miiba, upande wa kushoto yake. Mimi niligeuka hivi mnaona. Hii mgongo, tangu nizae binti, nimepatia mtu mmoja peke yake. Binti yangu ni mmoja. Ameolewa mara moja. Siwezi kutaja huyo mtu, na ninyi msinilazimishe."

"Huo si ushahidi wa kumtambua mtu," mwakilishi wa kampuni alisema kwa haraka. "Huo ni mila."

"Ni mila," Faki alikubali. "Ndiyo iliyomtoa njiani. Yaliyobaki ni kazi yangu. Nyayo za akala zimo mchangani, na zinatoka motoni. La kushoto lilikanyaga mwiba wa kikwata na kuna damu. Bwana Jonah alisema hakutoka dukani. Alisema pia Muthama alikimbia na mwenge ambao sisi tuliukuta kando ya majivu. Basi naomba kitu kimoja tu, Bwana Jonah avue kiatu cha kushoto, tuone kama kreti za soda siku hizi zina miiba."

Jonah aliinama kama anayetaka kukifikia kiatu, kisha akashika ubao kwa mikono yote miwili.

"Nilifikiri Musembi ameenda soko," aliuambia ubao. "Mungu anajua. Niliona hema imefungwa, nikafikiri hakuna mtu. Waliniambia wazee wakishikwa pingamizi itaisha, na mimi nitapatiwa kisima. Miaka yote hii hapa mimi ni mkwe tu, sina hata mahali ya kufunga mbuzi." Aliegemeza paji la uso ubaoni. "Mwaitu, nisamehe."

Hakuna mkwe aliyewahi kumsemesha mama wa mkewe hivyo mbele ya watu. Mzee mmoja dawatini alifumba macho. Dirishani leso ya buluu ilitikisika, lakini mgongo haukugeuka.

"Andikeni," Mama Kalondu alisema. "Mkiandika moto, andikeni na hii. Kwamba aliacha njia kwa ajili yangu, na alikuwa na haraka. Msiandike moto peke yake."

D.O. alimtazama Faki. Faki aliitikia kwa kichwa, na karani akaandika.

Kivuva alimtoa Jonah kwa mlango wa nyuma, ili asipite mbele ya dirisha. Hakuamriwa. Mwakilishi wa kampuni aliambiwa asiondoke Mwingi, kwa kuwa Faki alikuwa na hamu ya kujua ni akina nani hao "waliniambia". Kisha Faki mwenyewe akafungua pingu za Mzee Muthama, na mzee akasugua vifundo vya mikono, akatembea hadi mbele, akasimama mahali pa mwenye kusemea watu wake.

Afisa wa ardhi alisafisha miwani yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alipoivaa tena, ukali ulikuwa umemtoka, lakini kazi ilikuwa bado ni kazi, na swali lake lilikuwa bado halijajibiwa.

"Mzee, niliwauliza mwezi uliopita," alisema. "Mnataka mwandikiwe weu mjiendeshee wenyewe. Nikawaomba mnionyeshe sheria yenu moja inayoshika mtu bila polisi."

Muthama aligeuka akatazama dirishani. Hapakuwa na mtu. Mbali kidogo, kwenye njia ya sokoni, mwanamke na punda wake walikuwa wanaelekea dukani kwa Nthenya.

"Hiyo moja umeiona," mzee alisema. "Mwenyewe ameenda kuchukua binti yake. Keti vizuri, nikuambie zile zingine."